Nani Aliyesema Wazee wa Isiolo Hawaugui Akili?

Kuna kauli moja ambayo, ningekuwa na mamlaka, ningeipiga marufuku Isiolo nzima, kutoka Bula Pesa hadi Merti, kutoka Kinna hadi Oldonyiro: "Huo ni uzee tu." Mzee ameacha kula, haongei, anashinda amelala akitazama ukuta, ni uzee tu. Mama mzee anatoka nje usiku wa manane kuwatafuta mbuzi waliokufa zamani. Ni uzee tu. Mwingine ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpandishia mtu sauti ameanza kumshuku mke wa mwanawe kwamba anamtilia sumu kwenye chai. Ni uzee tu. Tunaisema nyumbani, tunaisema kwenye zahanati, na watawala wetu wameigeuza kuwa sera bila hata kujisumbua kuiandika.

Mtoto wa miaka miwili akikataa kula siku mbili, mama yake atambeba mgongoni na kuvuka lagha kumtafuta daktari. Kijana akianza kuzungumza peke yake barabarani, ukoo utaitana na mchango utapitishwa. Mzee wa miaka 75 akifanya yote mawili tunampelekea chai ya maziwa, tunamfunika blanketi na tunasema Mungu ndiye mjuzi. Mimi naita jambo hili kwa jina lake: kumnyima mgonjwa matibabu. Na wanaomnyima wana majina na vyeo, wengine wana magari yenye bendera.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu ujinga huu una babu yake. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 kuwa mahali pa kuwafungia watu walioitwa wendawazimu. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alidai kwamba sonona, ile huzuni nzito inayomfunga mtu hata ashindwe kuinuka kitandani, ni nadra kwa Waafrika. Alifika hata kuilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi wakageuka wagonjwa wa kichwa. Angalia maajabu hayo: anayedai haki yake anaitwa mgonjwa, na mgonjwa wa kweli anaambiwa hana ugonjwa.

Carothers aliwahesabu waliofikishwa kwake. Na nani alifikishwa Mathari enzi hizo? Aliyerusha mawe, aliyevua nguo sokoni, aliyemkata mtu panga. Bibi aliyekaa kimya nyumbani huko Garba Tulla akikonda siku hadi siku hakuna polisi aliyemkamata, kwa hiyo hakuingia katika daftari la mtu yeyote. Hakuhesabiwa, basi hakuwepo. Sasa nenda leo ukamwulize afisa yeyote wa kaunti kuhusu wazee wenye matatizo ya akili. Atakuambia, kwa adabu kabisa, kwamba "kesi za namna hiyo ni chache sana huku kwetu". Ametumia hesabu ileile ya Carothers, na huenda jina lenyewe hajawahi kulisikia.

Sasa nieleze kile tunachokiita uzee tu, kwa sababu ndani ya gunia hilo moja tumetia maradhi matatu tofauti, na mawili kati yake yanatibika.

La kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee alikuwa salama Jumatatu. Kufikia Jumatano hajui alipo, anawaona watu wasiokuwepo, anavuta nguo zake, usiku halali na mchana anasinzia. Hapo familia hukimbilia neno majini, au hukimbilia ile kauli yetu ninayoichukia. Mara nyingi kinachomsumbua ni maambukizi ya mkojo, au nimonia, au ukosefu wa maji mwilini, na Isiolo ya mwezi wa pili jua lake unalijua. Mwili wa mzee unaweza kuugua bila homa. Ugonjwa unaanza kuonekana kichwani kabla ya kuonekana kifuani. Kipimo cha mkojo, dawa sahihi na maji vingeweza kumrudisha mtu huyo kwenye jamvi lake kwa siku chache. Akiachwa, anaweza kufa, na kwenye matanga tutasema alikuwa ameanza kuona mababu.

Wakati mwingine sumu tunaitia sisi wenyewe. Mzee halali, basi mjukuu anatumwa kwenye duka la dawa, anarudi na Piriton. Vidonge vile vya mafua vinamsinzisha, ndiyo, lakini kwa mtu wa umri ule dawa za jamii hiyo huivuruga akili, hukausha mdomo, huziba mkojo. Vidonge vya usingizi humwangusha njiani kwenda chooni, nyonga ikavunjika, na mzee aliyevunjika nyonga mbali na hospitali unajua safari yake inaishia wapi. Hivi kuna mtu aliyewahi kupita kwenye maduka ya dawa ya mji huu kuwaeleza wauzaji jambo hilo?

La pili ni sonona yenyewe. Hii ndiyo inayojificha kuliko zote, kwa kuwa mzee wetu hakuambii "nina huzuni". Anakuambia mgongo unawaka, tumbo limejaa, moyo unapiga, kichwa kina moto. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi, anapewa tena. Dawa za sonona zisizo ghali zipo, mazungumzo ya kutibu yapo, wazee hupona. Nasema hupona, kwa sababu hata baadhi ya wahudumu wa afya wanafikiri huzuni ni haki ya mtu mzee, kana kwamba aliikatia tikiti.

La tatu ni dimensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu na mwishowe kumla mtu mwenyewe. Huu hauna tiba ya kuuondoa. Lakini usinidanganye kwamba kwa hiyo hakuna la kufanya. Kwanza lazima uhakikishe ndiyo wenyewe, maana upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo lililolegea na hata sonona hujifanya dimensia, na hivyo vinatibika. Kisha kuna namna ya kuishi na mgonjwa bila kumfunga na bila kumpigia kelele, na namna hiyo mtu hufundishwa. Hakuna azaliwaye akiijua.

Sasa turudi Isiolo, kwa sababu wazee wa Isiolo hawakuzeeka kama wazee wa mahali pengine.

Desemba 1963, Kenya ikiwa na siku chache tu tangu kupata uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta viliendelea hadi 1967. Watu wa Isiolo walikusanywa kambini, Garba Tulla, Merti, Modogashe, wamezungushiwa walinzi, na mifugo iliyozoea kufuata mvua ikakatazwa kutoka. Iliyokufa ilikufa, iliyopigwa risasi ilipigwa, iliyochukuliwa haikurudi. Waborana wana jina la kipindi hicho: Daaba. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1965 leo ameingia kwenye umri wa kulipwa pesa za wazee na serikali. Kwa hiyo mgonjwa unayemwona leo ameketi kwenye benchi la zahanati akilalamika moyo kupiga ni yule mtoto aliyeona ng'ombe wa babake wakilala chini mmoja mmoja na babake mwenyewe akichapwa mbele yake.

Serikali ilifanya nini? Mwaka 1970 ilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wake wasishtakiwe kwa yaliyotendeka kaskazini tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Sheria hiyo ilidumu kwa miongo. Miaka yote hiyo watu waliambiwa kisheria kwamba kilio chao hakina pa kupelekwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja, ikasikiliza, ikatoa ripoti yake Mei 2013, na ubakaji wa wanawake wa kaskazini uliandikwa humo pamoja na mauaji. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Tangu hapo wazee wanazikwa na ahadi inaahirishwa.

Hebu niambie: mama mzee aliyetendewa unyama kambini akiwa msichana, akaolewa, akazaa, akanyamaza miaka 60, leo akili yake inaanza kulegea na yale aliyoyafungia yanatoka. Usiku anapiga mayowe kwamba askari wamekuja. Anapelekwa hospitalini. Anayemhudumia ni kijana wa Kimeru au wa Kikuyu, mtu mwema, lakini hajui Kiborana. Mkalimani ni nani? Mjukuu wake wa kiume wa miaka 17 aliyemleta kwa bodaboda. "Mwulize bibi anaona nini usiku." Unategemea bibi amjibu mjukuu wake nini? Atasema kichwa kinauma. Mjukuu atatafsiri, kichwa kinauma. Daktari ataandika, kichwa kinauma. Paracetamol, mgonjwa mwingine aingie.

Na si Waborana peke yao. Mama wa Kiturkana wa Ngaremara, mzee wa Kisamburu wa Oldonyiro, Msomali wa mjini ambaye babu yake alipewa makao hapa baada ya kuwapigania Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mmoja ana lugha yake ya maumivu, na huduma inasubiri aje na Kiswahili sanifu. Kaunti yenye lugha tano inawaajiri madereva kwa ukoo na kabila, ikihesabu kwa makini nani amepata na nani amekosa. Kwenye kumsikiliza mgonjwa hesabu hiyo haipo.

Juu ya hayo ukaja ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Mashirika yalihesabu mizoga, yakahesabu watoto wenye utapiamlo, yakagawa unga. Vizuri. Lakini mzee aliyekuwa akijulikana kwa rangi ya ngamia zake, aliyekuwa akiitwa kwenye kila shauri kwa sababu ana mali na neno lake lina uzito, asubuhi moja akajikuta ni mtu wa kugawiwa maharagwe na kijana aliyevaa jaketi lenye nembo. Kuna kipimo cha mkono cha kujua mtoto amekonda kiasi gani. Kwa mzee huyu tulileta kipimo gani? Kote ulimwenguni wanaume wazee ni miongoni mwa walio katika hatari kubwa ya kujitoa uhai, na sheria yetu ilikuwa na jibu moja tu kwao, kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu: anayejaribu ni mhalifu. Ni Januari 2025 tu ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hadi juzi, basi, mzee aliyekata tamaa kwa kufiwa na ngamia wake wote angeweza kufungwa jela kwa kukata tamaa.

Kama unataka kuuona ugonjwa huu ninaousema, huna haja ya daktari. Nenda siku ya pesa za wazee ukasimame kando ya duka la wakala. Mpango wa serikali wa Inua Jamii unampa mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija. Mara nyingi huja zimekusanyika za miezi kadhaa. Utawaona wamefika alfajiri, bakora mkononi, kitambulisho kimefungwa kwenye pindo la leso. Kidole hakisomi, kimelika kwa kazi. Anakipangusa kwenye kikoi, anakiweka tena, mashine inakataa, kijana wa kaunta anamwambia kwa sauti ya juu akakioshe, kana kwamba ukali utarudisha alama za kidole. Nilimwona mama mzee mmoja akilipwa, akaenda kuketi kivulini, na baada ya kitambo akarudi kwenye foleni kudai pesa zake. Wakala alimfungulia leso na kumwonyesha noti. Watu wakacheka. Yeye alizitazama zile noti, akauliza, "Nani ameniwekea?" Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake na kumwomba amsaidie kumtafuta mwenyewe, amrudishie, maana si vizuri kukaa na pesa za watu.

Jamani, mtihani wote wa dimensia ulifanyika pale, mbele ya mashahidi, kwa gharama ya serikali, na mgonjwa akafeli. Hakuna aliyeandika chochote. Serikali ina orodha ya majina ya wazee hawa, ina namba za vitambulisho vyao, inajua nani mlezi wa nani, inawapanga foleni. Kazi ngumu kuliko zote katika matibabu ya wazee ni kuwapata na kuwakusanya, na kazi hiyo imekwisha kufanyika. Kinachokosekana ni muuguzi mmoja mwenye kiti, kivuli na dakika kumi kwa kila mtu.

Najua nitaambiwa vipimo ni vya wataalamu. Basi mvuke mpaka mwende Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Huko watafiti wa Kitanzania na wa Uingereza waliwapima wazee wa vijijini wa miaka 70 na zaidi na kukuta kwamba takriban 6 katika kila 100 wana dimensia. Waligundua pia kwamba kipimo kilichozoeleka Ulaya, kinachomtaka mtu aandike sentensi na kunakili michoro, kinamwonea mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu. Wakaunda chao, wakakiita IDEA. Nani kiongozi wa kijiji chako? Leo ni siku gani? Daraja ni kitu gani? Zipange hizi njiti za kiberiti kama nilivyozipanga mimi. Nikumbushe yale maneno kumi niliyokutajia. Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. (Swali hilo la mwisho, kwa mzee wa Isiolo mwenye akili timamu, litahitaji saa nzima, kwa sababu atataka kujua unauliza ngamia wa rangi gani na wa koo gani.) Hakihitaji umeme wala shahada ya udaktari. Haohao wa Hai walijaribu pia vikundi vya mazungumzo na mazoezi ya akili kwa wenye dimensia, bila kidonge hata kimoja, na vikaleta nafuu.

Septemba 2023 Rais William Ruto alisimama Uhuru Park akawaaga wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha presha, cha sukari, cha joto na mizani. Wanapita boma hadi boma, wanajua lugha ya nyumba wanayoingia, wanaheshimika. Watieni njiti za kiberiti katika mkoba huo! Wafundisheni maswali sita na dalili tatu za hatari. Kule Zimbabwe Dakta Dixon Chibanda, akiwa hana madaktari wa kutosha, aliwafundisha akina nyanya kuketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye sonona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tunao akina mama wazee wanaotatua ugomvi wa ndoa na visima kila siku, na hatujawaona isipokuwa siku ya kura.

Nitaambiwa pia hakuna pesa. Hapa ndipo hasira yangu inapokosa breki.

Jopo kazi la afya ya akili lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilitoa ripoti yake Julai 2020 na kupendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Lilikuta kwamba serikali inatumia asilimia 0.01 ya fedha za afya kwa afya ya akili. Ukigawa kwa Wakenya wote, ni senti 15 kwa kila mtu. Senti 15! Hata sarafu yake haipo. Na hizo ni za nchi nzima, za umri wote. Sasa katafute ndani yake sehemu ya mzee wa Garba Tulla. Juni 2022 sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989 ilifanyiwa marekebisho na serikali za kaunti zikakabidhiwa jukumu la kutoa huduma hizi karibu na watu. Katiba yenyewe, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Imeandikwa "na", si "au". Lakini kila mtu anaisoma nusu anayoipenda: serikali inasoma familia, familia inasoma serikali, mzee anabaki katikati na barua ya rufaa ya kwenda Nairobi.

Mtu akija na barua hiyo nyumbani inakuwaje? Mzee hawezi kusafiri peke yake. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, malazi, chakula, inameza zile 2,000 na kuacha deni. Akitoka Merti, kabla hajaiona lami ameshamaliza siku barabarani. Mgonjwa aliyechanganyikiwa anapandishwa basi lililojaa, anapiga kelele njia nzima, anajikojolea, abiria wanalalamika. Familia iliyofanya safari hiyo mara moja hairudii. Kwenye daftari la hospitali ataandikwa kwamba ameacha matibabu kwa hiari yake.

Mji huu ulipata pesa za uwanja wa ndege wa kimataifa uliozinduliwa 2017, ambao kwa miaka ndege za kimataifa zenyewe hazikuona sababu ya kuja. Ulipata pesa za kichinjio cha kisasa kilichokwama mwaka baada ya mwaka hadi kikawa kichekesho cha kahawani. Mwaka 2025 waheshimiwa wetu walipata muda, mawakili na sauti za kupigania kumng'oa gavana, hoja ikafika hadi Seneti, ikaangukia huko kwa masuala ya utaratibu. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema nilifuatilia mvutano ule wote, tuhuma kwa tuhuma, na sikusikia upande wowote ukimshtaki mwenzake kwa kuwatelekeza wazee wagonjwa wa akili. Walikuwa wamekubaliana juu ya hilo.

Nisiwasahau wenzangu wa nyumbani, maana wananisoma huku wakitikisa kichwa kumlaumu gavana. "Sisi Waislamu, sisi Waafrika, hatutupi wazee wetu kama Wazungu." Tunajisifu kwa methali, jungu kuu halikosi ukoko. Nimeingia kwenye nyumba ya watu wanaompenda mzazi wao kwa dhati nikakuta kamba kifundoni, imefungwa kwenye mguu wa kitanda, ili asitoke usiku akaliwa na fisi. Hawakuwa makatili, hawakuwa na mtu wa kuwaambia kuna njia nyingine. Na anayebeba mzigo wenyewe si yule mwana anayetoa hotuba kuhusu heshima ya wazazi barazani. Ni mke wake, au binti aliyetolewa shule kidato cha pili "amwangalie nyanya". Msichana huyo anamgeuza, anamwogesha, anapigwa, anatukanwa, halali. Miaka miwili baadaye tunakuwa na wagonjwa wawili.

Kwingine hali ni mbaya zaidi. Oktoba 2021 huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati ukiwaita wachawi, na Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo, mara nyingi kwa kuwa kuna shamba nyuma ya tuhuma. Mama mzee anayetembea usiku, anayezungumza na wasioonekana, asiyekumbuka kwa nini yuko kwenye boma la jirani, kule anaitwa mchawi; katika kijiji kingine angekuwa mgonjwa. Wanaojipiga kifua kwamba Isiolo hatujafika huko wajiulize kile wanachonong'ona wanapomwona kikongwe fulani akipita.

Kwa masheikh na mapasta nina ombi moja. Mnafikiwa kabla ya daktari, na hilo ni sawa. Someeni, ombeeni, kisha ulizeni maswali mawili: hali hii ilianza lini, na je, amepimwa mkojo? Iliyoanza wiki iliyopita ipelekwe hospitalini leo hii. Kisomo kitaendelea palepale kitandani, na hakuna daktari atakayekatiza aya.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo hufanyika, soda hugawiwa, na karatasi husomwa kwa kasi ili watu wasielewe. Safari ijayo, kila mwenye mzazi mzee aende na swali hili, amwulize mwakilishi wa wadi yake mbele ya watu: ukurasa gani umeandikwa afya ya akili, kiasi gani, na ndani ya kiasi hicho mama yangu yuko wapi? Akikujibu kwamba suala hilo liko chini ya afya kwa jumla, usikae. Mwambie afungue ukurasa.